Gramu Mia na Ishirini

Jumanne, 4 Machi

Naanza daftari hili kwa sababu ya mizani yangu. Mume wangu ni fundi wa pikipiki, mimi ni sonara, na miaka tisa ya ndoa yetu imekwenda salama kwa sababu vifaa vyake havivuki mlango wangu wala vyangu havivuki wake. Karakana iko kushoto mwa nyumba, chumba changu cha kazi kiko kulia, na katikati tunakula. Leo asubuhi akavuka. Kaja na nati mkononi, grisi hadi kwenye viwiko, akasema, "Mke wangu, niazime mizani mara moja tu."

Nikamwambia mizani ile inapima vumbi la dhahabu, haipimi takataka za injini. Akacheka, akanishika bega, akaniharibia gauni. Mwisho tumekubaliana hivi: vipuri vidogo nitavipima mimi, kwa mikono yangu misafi, na kila uzito nitauandika. Ila najijua, siwezi kuandika namba tupu bila kutia neno.

Kisa chenyewe ni mdogo wangu. Watu wanamwita Kiberiti, kwa udogo wake na kwa jinsi anavyowaka haraka. Ana miaka ishirini na miwili na hajawahi kutaka kitu kingine zaidi ya kushindana kwa pikipiki. Msimu huu kuna mbio tatu, zote ndani ya mvua, na ya tatu atakuja mtu wa timu kubwa kuchagua mwendeshaji mmoja. Mmoja tu. Injini yetu ni dhaifu kuliko za wenzake. Fundi anasema nguvu haiongezeki, basi uzito upungue.

Pikipiki nzima, juu ya mizani ya ghala aliyoinunua kwa wauza unga wa mahindi: kilo 117.4.

Ijumaa, 7 Machi

Ekzosi mpya imefika. Ya kiwandani kilo 6.9, hii 2.8. Fundi kaibeba kwa vidole viwili, akawa anazunguka nayo sebuleni kama bibi harusi na shada lake. Walipoiwasha, jirani akatoa kichwa dirishani kuuliza tunachinja nini.

Jumapili, 9 Machi

Mvua kutwa. Hakuna la kuandika.

Alhamisi, 13 Machi

Betri: ya zamani kilo 3.1, mpya gramu 700. Nilidhani wametuletea boksi tupu.

Siku hizi tuna mchezo wetu. Karatasi ya muuzaji inasema uzito wa kipuri; naweka kipuri kwenye mizani; wote watatu tunainama, hakuna anayepumua. Namba ikisoma chini ya ile ya karatasi, Kiberiti anapiga tangi kuukuu kwa viganja na Fundi anatangaza uzito kama anasoma matokeo ya uchaguzi. Ikisoma juu, tunanuna hadi jioni. Nacheka ninapoandika haya, lakini nimeupenda mchezo huu. Zamani jioni kila mtu alikuwa upande wake wa nyumba.

Jumamosi, 15 Machi

Wametoa taa, vioo, honi, kiti cha nyuma na madigadi. Digadi mpya ni ya kaboni, nyepesi kama ganda la yai. Mama alipita kutusalimu, akaiona pikipiki imebaki mifupa, akauliza, "Mmeibiwa?"

Jumanne, 18 Machi

Rimu mpya. Kilo 4 zimeondoka kwa siku moja. Fundi hakulala mchana kama kawaida yake. Alikaa anaitazama tu.

Ijumaa, 21 Machi

Siku ya boliti.

Zimekuja tano kwenye kiboksi cha bluu: nne za kushikia breki ya mbele, moja ya akiba. Za titani, madini imara lakini mepesi kuliko chuma, rangi yake buluu ya kuvutia, mpaka mimi sonara nilitamani kuzitengenezea hereni. Boliti ya chuma iliyokuwapo ina gramu 45. Karatasi ya muuzaji inasema ya titani itakuwa 26. Tukainama. Nikaweka moja.

Kumi na tano.

Nikaitoa, nikafuta sahani, nikairudisha. Kumi na tano. Nikaweka ya pili, ya tatu, zote zile zile. Kiberiti akapiga tangi hadi likabonyea. "Katuahidi ishirini na sita, katupa kumi na tano!" Fundi anapiga kelele. "Huyu muuzaji katudanganya kwa faida yetu!" Nami nikacheka na kuandika: boliti nne, gramu 120 zimeondoka. Nikaizungushia namba duara.

Jumapili, 23 Machi

Mbio za kwanza. Nafasi ya pili! Mama alipoteza kiatu kwenye tope akishangilia.

Alhamisi, 27 Machi

Sproketi mpya, mnyororo mwembamba, tangi la plastiki. Pikipiki: kilo 98 kamili. Hakuna tena cha kutoa. Fundi amezunguka kwa saa nzima na bisibisi mkononi akigonga hapa na pale, kisha akasimama.

Kiberiti alikuwa amekaa juu ya mizani ya ghala anakula mkate. Fundi akaitazama mizani, akamtazama yeye, akasema taratibu, "Shemeji, hebu shusha huo mkate."

Kilo 58. Ameandika kwa chaki ukutani, chini ya orodha ya vipuri. Wote tulicheka. Mimi pia nilicheka, ila baadaye nilipokwenda kuchukua ndoo niliona jina la mdogo wangu limeandikwa baada ya mnyororo.

Jumatano, 2 Aprili

Kiberiti 55.3. Anakula mara moja, asubuhi. Mchana anakimbia amevaa koti la mvua ili atoke jasho. Nimemwambia Fundi hiyo si kazi ya karakana. Akasema, "Mwenyewe anataka. Muulize." Nikamuuliza. Anataka.

Jumapili, 6 Aprili

Mbio za pili. Ameshinda. Ameshinda kwa urefu wa tairi moja tu, na Fundi alilia mbele za watu. Ninapoandika, wote wawili wako nje wanaisafisha ile mashine kwa kitambaa, hawazungumzi, wanafuta tu. Kiberiti hakugusa chakula cha sherehe. Alikaa mezani akila kwa macho.

Ijumaa, 11 Aprili

Kiberiti 52.6. Jua lilitoka leo mara ya kwanza wiki hii, na yeye kavaa sweta. Nimemshika mkono: baridi. Ananitania, eti dada acha uoga, nikipungua zaidi utanivalisha kama mkufu.

Mama alinivuta pembeni jikoni. "Huyu mtoto anaumwa?"

"Haumwi, mama. Ni mambo ya mbio."

"Mbio gani za kumfanya mtu shingo iwe hivi?"

Mama hajaondoka hadi amemwona akimaliza bakuli la uji, na mama alipofika barabarani tu Kiberiti akaenda nyuma ya nyumba. Nilimsikia anautapika. Fundi alikuwa dirishani, naye alisikia. Akaangalia saa, nadhani alikuwa anahesabu ni muda gani umebaki kabla ya kumpima.

Nimeolewa na mtu mpole. Naandika hili ili nisilisahau, maana leo nilimtazama mgongo wake pale dirishani nikaona ni mgongo wa mtu nisiyemjua.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. 51.9.

Jumanne, 15 Aprili



Leo asubuhi kaja mama mmoja na mkufu, anataka nimpe bei. Mkufu mnene, una rangi nzuri, kaachiwa na mama mkwe. Nikauweka kwenye mizani. Kabla hata haijatulia nilishajua: mwepesi mno kwa unene ule. Yule mama akaniona uso, akawahi kusema, "Lakini si vizuri kuwa mwepesi? Hausumbui shingo." Nikamjibu kama ninavyowajibu wote, nimeshasema maneno haya mara mia: "Mama, dhahabu ina uzito wake. Ikipungua uzito wake, basi si dhahabu."

Hapo hapo nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Yule mama alidhani namwonea huruma.

Titani ina uzito wake. Muuzaji alisema ishirini na sita kwa sababu titani ya ukubwa ule *ni* ishirini na sita, haiwezi kuwa kumi na tano hata mtu aibembeleze. Kumi na tano ni aluminiamu, kitu cha sufuria, imepakwa rangi ya buluu. Maisha yangu yote nimekula kwa kukataa pete zilizo nyepesi kupita kiasi. Siku ile nilipewa boliti nyepesi kupita kiasi, mkononi mwangu, kwenye mizani yangu, na nilishangilia. Kila mtu mwingine nitamsamehe, si mimi.

Nilisubiri yule mama aondoke, nikafunga mlango, nikatafuta ile boliti ya tano. Nikaikwangua kwa tupa: buluu ikatoka kama rangi ya kucha, chini yake nyeupe, laini. Nikaibana kwenye jiliwa langu dogo la kushikia pete, nikaivuta kwa koleo. Mimi, mwanamke wa kilo sitini, kwa mkono mmoja. Ikapinda. Nikavuta mara ya pili ikakatika.

Boliti nne kama hiyo ndizo zinazoshika breki ya mbele ya mdogo wangu.

Jumatano, 16 Aprili

Nimemwekea Fundi vile vipande viwili mezani, karibu na sahani yake ya chai.

Nilitegemea ashtuke, apige kelele, ampigie simu muuzaji na kumtukana. Akavisogeza kando kwa kidole, akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Najua ni aluminiamu. Niliona zilivyokaza, siku ya pili yake. Chuma kina namna ya kukaza, hii haikazi hivyo."

"Ukamwacha apande? Mara mbili?"

"Nazikagua kila baada ya mbio. Moja moja, na taa. Hakuna ufa. Zimeshika mbio mbili, mke wangu, imebaki moja. Baada ya hapo nazitoa kwa mkono wangu."

"Mume wangu, nimeikata kwa koleo la pete."

"Wewe umeipinda. Breki haipindi, breki inasukuma." Alikuwa ananieleza kwa upole, kama anavyoeleza wateja. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, huo upole. "Jumlisha mwenyewe. Mashine tisini na nane, Kiberiti hamsini na moja, mavazi sita. Mia hamsini na tano. Kwa namba hiyo, injini yetu inawafikia kwenye mlima. Nimeijaribu kila siku kwenye ile barabara ya kiwanda. Ukiongeza, hatuwafikii. Unataka nimwambie nini baada ya yote aliyojinyima?"

Nilitamani kummwagia chai. Nilichukua vipande vyangu nikaenda chumbani kwangu, nikakaa mbele ya mizani bila kufanya kazi hadi saa ya kupika.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemwambia Kiberiti mwenyewe. Nimemwonyesha.

Alikuwa amelala kwenye kochi na sweta lake, macho yameingia ndani. Akakishika kile kipande, akakigeuza. Halafu akanirudishia.

"Shemeji anajua kazi yake."

"Shemeji yako kapofuka. Na mimi nilipofuka pamoja naye. Sikiliza..."

"Dada." Akakaa. Hata kukaa kulimchukua nguvu. "Nimepunguza kilo saba. Naota mikate, naota maji. Ukirudisha chuma sasa, mimi nilikuwa nafunga kwa ajili ya nini?"

Nikamwambia gramu mia na ishirini si kitu, ni glasi ya maji isiyojaa. Akacheka kidogo. "Mimi hiyo glasi najinyima," akasema.

Ningeweza kwenda kwa waandaaji wa mbio. Nimelifikiria hilo hadi kichwa kimeniuma. Wangemfungia mlango siku ambayo yule mtu wa timu kubwa anakuja, na Kiberiti asingenisamehe hadi anazikwa. Nimechagua njia ya kimya.

Jumamosi, 19 Aprili

Asubuhi wamempima mara ya mwisho, Kiberiti juu ya pikipiki, na kofia na buti na vazi zima, wote juu ya mizani ya ghala. Mia hamsini na tano, nukta sifuri sifuri. Fundi akaipiga picha ile namba.

Saa nane mchana walikwenda kuandikisha karatasi za mbio. Nikavuka mlango wa karakana. Boliti za zamani zilikuwa kwenye kopo, juu ya rafu, na kijikaratasi kwa mwandiko wangu: *45*. Nikazipeleka chumbani kwangu, nikazisafisha, nikawasha moto wangu wa kuchomea pete. Chuma ukikipasha polepole kinabadilika rangi: kwanza majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu. Hapo kwenye buluu nikazizamisha kwenye mafuta, moja baada ya nyingine. Zilitoka zinafanana kabisa na zile za uongo. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, na haina mteja.

Nimezifunga mwenyewe kwa spana ya mume wangu hadi zikalia. Zile za aluminiamu nimezitupa kwenye shimo la choo.

Wamerudi. Fundi amepita na taa akikagua boliti, akazigusa, akaridhika. Nilikuwa nakata vitunguu na nilimshukuru Mungu kwa ajili ya vitunguu.

Jumapili, 20 Aprili

Wametangulia na mizani kwenye gari. Mawingu mazito lakini hayajamwaga. Nakwenda na mama. Moyo wangu mwepesi leo, mara ya kwanza tangu Jumanne. Lolote litakalotokea, breki itashika.

Jumatano, 23 Aprili

Breki ilishika.

Niandike kwa mpangilio, la sivyo sitaweza.

Tulifika mimi na mama saa saba. Kiberiti alikuwa amekaa kwenye kreti nyuma ya gari, amevaa vazi la mbio hadi shingoni, na chupa ya maji mkononi, ya nusu lita. Anakunywa. Sikuamini. Alikunywa akisimama kupumua, akanywa tena, maji yanamtiririka kidevuni, na uso wake ulikuwa wa yule mtoto niliyekuwa nikimwogesha. Mama akasema, "Afadhali." Fundi alisimama pembeni na hakumzuia. Nikafikiri: mume wangu amerudi, ameona mwenyewe, amelegeza. Nilimshika Fundi mkono. Akanishika na yeye. Tulisimama hivyo, tumeridhika kabisa, tunamtazama mdogo wangu akinywa maji.

Mzunguko wa tano mvua ikaanza. Alikuwa wa kwanza. Naapa, alikuwa wa kwanza, na nyuma yake kulikuwa na nafasi ya watu kupita. Kwenye kona ya chini, ile inayofuata mlima, alifunga breki, na nikaona kwa macho yangu pikipiki ikitii, ikashika vizuri. Kisha tairi la nyuma likakanyaga tope la pembeni na likamtoka. Si breki. Tope, kama wanavyoteleza wote. Wawili walikuwa wameshateleza pale pale siku hiyo, wakaamka na kujipangusa.

Yeye aliteleza chali. Ukingo wa barabara una mawe yaliyosimama, mafupi. Mgongo ukafikia jiwe.

Hakuamka kujipangusa.

Ijumaa, 25 Aprili

Yuko macho. Anazungumza. Anaomba maji na wanampa kwa pamba. Miguu haisikii. Daktari anamgusa vidole kwa sindano, na Kiberiti anauliza, "Umeshaanza?"

Leo daktari alituita pembeni, mimi na Fundi. Ni mwanamke mfupi, hana maneno mengi. Akauliza kama mgonjwa alivaa kinga ya mgongo. Nikamjibu mara moja: ndiyo, lile bamba gumu linaloingia nyuma ya vazi, analo, niliwahi kulipima mwenyewe, gramu 640. Daktari akatikisa kichwa. Vazi lilipokatwa halikuwamo.

Nikamgeukia Fundi.

Ameniambia kwenye benchi la nje, akitazama sakafu. Asubuhi ile, wakaguzi walipokwisha kupita, alimpandisha Kiberiti na mashine yake juu ya mizani kuhakikisha tu. Mizani ikasoma mia hamsini na tano, nukta kumi na mbili. Wakapima tena: kumi na mbili. Mashine haikuwa imeguswa na mtu, basi aliyeongezeka ni mpandaji. Akamwambia, "Umekunywa maji." Kiberiti akasema hajanywa. Akaapa. Fundi akamwambia mizani haisemi uongo, wewe unasema.

"Akavua vazi nusu," Fundi anasema, "akachomoa lile bamba akaliweka chini. Akasema, haya, sasa nimepungua nusu kilo zaidi ya unavyotaka, niruhusu ninywe maji. Nikamruhusu. Nilimpa mimi chupa."

Akawa analia bila sauti. Akasema, "Kwa gramu mia na ishirini tu. Hata sijui zilitoka wapi."

Nilikuwa nimekaa karibu naye hadi mabega yanagusana. Naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine: najua zilitoka wapi.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Miguu haisikii.

Jumatatu, 28 Aprili

Wameturudishia pikipiki. Tangi limepasuka, digadi haipo, breki ya mbele haina hata mchubuko. Fundi ameifungua yote na anapima upya, kipuri kwa kipuri, analinganisha na orodha ya ukutani. Anasema lazima azipate zile gramu. Labda tope liliingia kwenye rimu, labda maji ndani ya kiti. Ameniomba mizani yangu na nimempa bila kudai mikono misafi. Ameanzia nyuma: tairi, sproketi, mnyororo. Anaenda mbele.

Mama anakaa hospitalini mchana kutwa. Ameniuliza mara moja tu, "Nyinyi mlikuwa mnampima mtoto wangu kwa nini?"

Jumanne, 29 Aprili

Amefika kwenye kiti na betri. Hakuna kilichozidi. Nasikia sahani ya mizani ikigusa chini, kimya, halafu chaki.

Nimejaribu kula nikashindwa.

Jumatano, 30 Aprili

Amefika kwenye tangi.

Daktari amesema tumpe miezi, na baada ya miezi ndipo tuulize. Kiberiti amenishika mkono akaniomba nimtetee kwa shemeji yake. "Anadhani nilikunywa," akasema. "Mwambie, dada. Sikunywa hata tone." Nikamwambia nitamwambia. Nilitoka nje ya wodi nikasimama ukutani na wauguzi wakawa wananipita.

Alhamisi, 1 Mei

Leo mchana nimesikia anazungusha uma wa mbele, ule unaoshika tairi. Nikaweka chini mkufu wa mteja, nikanawa mikono, nikavuka.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya breki na spana, hajaigusa bado. Nikaichukua ile spana mkononi mwake. Nilizifungua zote nne. Ziligoma, nilikuwa nimezikaza kweli kweli. Nikaziweka juu ya sahani moja baada ya nyingine, na kila moja niliitaja mwenyewe mizani ikiwa bado inacheza.

"Arobaini na tano. Arobaini na tano. Arobaini na tano. Arobaini na tano."

Akaokota moja. Akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akakwangua ile buluu kwa ukucha, haikutoka. Akanitazama, kisha akatazama upande wa chumba changu, ulipo moto wangu. Niliona anajumlisha. Nilisubiri aniulize kwa nini sikumwambia, na nilikuwa tayari, nilikuwa na maneno ya kumjibu hata ya kumuumiza, maana na yeye anayo yake.

Hakuuliza hilo. Alikaa kwenye sakafu, boliti mkononi, mgongo kwenye tairi.

"Basi hakunywa," akasema. "Aliniapia."

"Hakunywa," nikamwambia.